Ufa wa Jiwe la Mama

Nyuma ya nyumba ya mama yangu, kijijini, si mbali na Maganzo, kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mgongo wake ni bapa, na kila mwaka viazi vitamu vikishavunwa mama huvimenya, akavikata vipande, akavianika juu yake mpaka vikawa michembe. Jiwe lile hupata joto tangu asubuhi, kwa hiyo michembe ya mama huwahi kukauka kuliko ya majirani. Jambo hilo hulitaja hata msibani.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, naishi Nyasubi, mjini Kahama. Nina tabia moja mbaya ambayo mke wangu ameikemea hadi amechoka: nikiona kilima, natoa somo. Julai moja nilimkuta mama juu ya jiwe na kisu chake, nikaanza. Nikamweleza kwamba hiyo ni graniti, ilipoa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, ikiwa imelaliwa na miamba mingine ya kilomita nyingi. Mvua na upepo vikaila ile miamba ya juu kidogo kidogo, jiwe likapungukiwa na mzigo, likatanuka, likaanza kubanduka gamba moja baada ya jingine kama kitunguu. Mama akauliza kama nimekula. Kabla sijamjibu, nikauona ufa.

Ulikuwa umelitenga gamba zima, pana kama meza ya kulia, na gamba lenyewe liliinama kuelekea paa la nyumba. Mama akasema ufa huo aliukuta alipoolewa. Nikamwambia hivyo ndivyo mambo ya ardhi yalivyo, yanakwenda polepole halafu siku moja yanamaliza. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa akilala peke yake chini ya gamba lile. Niliogopa sana.

Wataalamu hupima ufa kwa kubandika kipande cha kioo juu yake. Kioo kikipasuka, ufa umetanuka. Sikuwa na kioo. Nilikuwa na kiazi. Nikakichonga kikawa kabari, nikaipigilia ndani ya ufa kwa jiwe dogo mpaka ikakaza, hata kuing'oa kwa vidole nikashindwa. Nikarudi Kahama najiona mtafiti.

Jumamosi iliyofuata niliigusa kabari kwa kidole kimoja, ikatoka. Nikairudisha, ikawa inacheza humo ndani bila kubana upande wowote. Nikapiga hesabu palepale: ikiwa ufa umetanuka nusu kidole kwa wiki moja, gamba lisingefika Krismasi. Nikaifunga kabari kwenye leso, nikaitisha ukoo.

Alikuja baba mdogo, mwenye ng'ombe wengi na neno la mwisho katika familia yetu. Alikuja na shemeji aliyemwoa dada yangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Nikawapa somo lote. Ardhi imegawanyika mabamba, nikasema, na mabamba hayo yanatembea juu ya mwamba wa moto uliolainika. Afrika yenyewe inachanika kwenye Bonde la Ufa, mkono mmoja unapita Manyara na mwingine Ziwa Tanganyika.

Baba mdogo alitaka kujua Shinyanga itabaki upande gani. Nikamwambia sisi tuko katikati, juu ya kipande kikongwe na kigumu ambacho mikono yote miwili ilikizunguka baada ya kushindwa kukivunja. Hilo halikumtuliza. Alikuwa na ng'ombe saba kwa rafiki yake huko Manyara, akauliza awarudishe sasa au bado kuna muda. Nikamjibu kwamba ni milimita chache tu kwa mwaka. Akasema atawafuata Jumatatu.

Shemeji yeye alifurahi. Kwake ufa ni habari njema, kwa sababu dhahabu ya Geita ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa, yakapoa, yakaiacha humo. Somo hilo nilimfundisha mimi mwenyewe, siku ya harusi yake. Akaumulika ufa kwa tochi mchana kweupe, akalilamba jiwe, akashauri mama ahame upesi ili tuchimbe duara, shimo la kutafutia dhahabu. Nikamwambia jiwe hili halina kitu. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema wanaotaka kuchimba peke yao.

Ukoo ukaamua mama ahamie kwangu Nyasubi. Hakubisha. Hakuwa na desturi ya kumpinga baba mdogo mbele za watu, kwa hiyo aliinuka akaenda kukunja mashuka. Kesho yake kenta ikaja, tukapakia magunia, sufuria, kitanda, na kuku waliofungwa miguu. Majirani walikuja kuaga, wawili wakilia. Mama alisimama mlangoni ameshika ufunguo, analitazama jiwe, na mimi nikajishughulisha na kamba za mizigo ili nisimwone. Kisha akaniita. Alitaka kukiona hicho kilichothibitisha kwamba jiwe limesogea.

Nikafungua leso. Mama akaichukua kabari, akaigeuza, akaibonyeza kwa ukucha, akaiuma. Akatafuna taratibu, ukoo mzima unamtazama.

"Hii imekauka nje tu," akasema. "Ilibaki siku mbili za jua iwe michembe."

Nimekula michembe tangu nilipoota meno. Utoto wangu wote nilipandisha viazi juu ya jiwe lile kikapu kikiwa kimejaa, nikavishusha kikiwa nusu, na sikuwahi kuuliza ile nusu nyingine imekwenda wapi. Mwalimu mzima niliona ni rahisi zaidi jiwe la miaka bilioni mbili kutanuka kuliko kiazi kusinyaa. Baba mdogo alivaa kofia yake, akaondoka bila kuniaga. Dereva wa kenta akauliza sasa apakie au ashushe.

Tukashusha. Shemeji alichukua kuku, mimi na mama tukachukua kitanda, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Jiwe halijasogea," akasema. "Wewe ndiye unaogopa nikikaa peke yangu."

Nikakiri. Nikamwambia kwamba tangu tumzike baba, simu ikiita kutoka nyumbani natafuta kwanza pa kukaa ndipo napokea.

"Basi si ungeniomba, baba? Mpaka ulisingizie jiwe?"

Kwa hiyo nikamwomba palepale, kitanda kikiwa bado mikononi mwetu. Nikasema, mama, njoo ukae na sisi. Sikumbuki kama niliwahi kumwomba jambo kwa sauti ile tangu nilipokuwa mdogo.

Alifurahi. Nilimwona, uso wote ulifurahi. Kisha akasema hapana, na niinue upande wangu, maana kitanda kinambana vidole.