Mwaliko Uliokwama Kwenye Seva

Aketch alikuwa na tabia ya kucheka pale asipotakiwa. Akiogopa, hucheka, akifurahi, ndiyo kabisa. Siku ya usaili wa kazi kule Wetherill Park, jijini Sydney, meneja wa ghala, Mwaustralia aitwaye Trevor, alimwuliza angefanya nini kama mitambo yote ingezimika kwa mpigo. Badala ya kujibu akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Trevor naye akaambukizwa. Kazi akapata.

Kampuni ilisambaza vitanda vya hospitali na viti vya magurudumu. Aketch alikuwa ametoka Kisumu kuja kusoma, na miaka yote ya chuo aliishi kwa kuwaogesha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Kwa hiyo alifurahi mno kufanya kazi mahali ambapo vitanda vilikuwa havina mtu. Ghala zima, fundi wa kompyuta alikuwa yeye peke yake.

Mwaka huu makao makuu yakaleta saraka mpya ya mtandao. Hiyo ni orodha kuu ambamo kila mfanyakazi ameandikishwa jina lake, idara yake na nywila yake, na kila mfumo huuliza humo kabla ya kumkubali mtu. Kikwazo kilikuwa seva ya zamani ya barua pepe, iliyokaa katika kichumba nyuma ya jiko la chai ikinguruma kama friji bovu. Printa za lebo za mizigo ziliitegemea, kwa hiyo haikuweza kutupwa. Nayo ilikuwa na orodha yake ya watu, ya enzi zake, na haikujua saraka mpya ni mnyama gani. Aketch akaambiwa aziunganishe.

Kabla ya kuziunganisha ilibidi alinganishe majina, na hapo ndipo alipocheka mpaka mbavu zikamuuma. Aliyeijaza orodha ya zamani alikuwa akiandika anavyosikia. Cherotich wa uhasibu, rafiki ambaye Aketch alikula naye kila mchana, alikuwa ameandikwa Cherry Rich. Adrien Bisimwa, Mkongo wa Bukavu aliyeendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alikuwa Adrian Business.

"Wee, Aketch! Kumbe miaka yote hii nimekuwa rich na hamniambii?" Cherotich akapiga kelele alipooneshwa. "Aki usinibadilishe!"

Akambadilisha. Akawabadilisha wote, mmoja mmoja, hadi kila mtu wa seva akafanana na mwenzake wa saraka. Ijumaa asubuhi akawasha programu ya kiunganishi, akakaa mbele ya skrini huku amejishika mashavu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha majina yakaanza kupita, yakifuatana kama watoto waliofunguliwa lango la shule. Printa ya lebo ikatoa lebo. Akajaribu kumtumia Cherotich barua, ikafika. Aketch akatoka mbio akiruka ruka, akamkuta Cherotich mezani, wakashikana mikono wakazunguka katikati ya ofisi kama watu waliopata viza.

Hawajamaliza kuzunguka, simu zote zikalia kwa pamoja. Ya Cherotich, ya Aketch, ya madereva huko nje.

Ilikuwa barua moja, kwa wafanyakazi wote, kwa Kiingereza cha mtu anayejifunza. Ilisema hivi: "Ndugu zangu wote wa kazi, Ijumaa hii saa sita mchana mje nyuma, mlango wa nne. Ninapika kuku na majani ya muhogo. Kila mtu aje na njaa. Mimi ni mgeni, ninataka kuwajua. Adrien Bisimwa."

"Mgeni?" Cherotich akashangaa. "Papa Bisimwa alinikuta mimi hapa mwaka gani huo!"

Aketch akaitazama tarehe ya barua, na kicheko cha woga kikamtoka puani. Iliandikwa miaka mingi iliyopita. Akarudi kwenye seva kuchunguza. Kumbe kundi lililoitwa "Ghala Wote" ambalo barua ilielekezwa kwalo, halikuwahi kuwa na mtu hata mmoja anayetambulika ndani yake, na fundi wa zamani alikuwa ameiamuru seva isitupe barua yoyote ya ndani. Basi ile barua ilikaa foleni, mwaka baada ya mwaka, ikingoja kuambiwa hao watu wote ni akina nani. Asubuhi hii saraka ilikuwa imeiambia.

Na majibu yalikuwa yakimiminika. Nakuja. Mimi naleta saladi. Mlango wa nne, siyo? Trevor aliandika kwamba ataleta soseji.

Aketch alimkuta Bisimwa uani, ameketi kwenye foklifti yake, simu mkononi, mdomo wazi.

"Dada Aketch, hii mesaji ni yangu. Lakini haiko ya leo."

Akamweleza yote. Mzee akasikiliza bila kupepesa macho.

"Siku ile nilipikaka," akasema mwishowe. "Nilikaa pale mulangoni na masufuria yangu. Mutu hakukuya. Ni ile ndege nyeupe ya mudomo murefu, yenye kula ku mapipa ya takataka, ni yeye tu alikuya. Nikawaza watu ya huku hawapendi chakula yangu. Sikuuliza tena."

"Hawakuipata, Papa Bisimwa. Hata mmoja."

"Hawakukatala?"

"Hawakujua."

Bisimwa akaficha uso kwenye kofia yake. Aketch akadhani analia, akawa anatafuta neno la kumfariji. Kumbe anacheka, mabega yanapanda na kushuka, na Aketch, ambaye hakuhitaji sababu kubwa, akacheka pia mpaka akashikilia gurudumu la foklifti asianguke.

"Nitume barua ya kukanusha?" akauliza alipopata pumzi.

"Watu balishasema banakuya! Leta gari!"

Aketch alikwenda kwanza kwa Trevor, akakiri kwamba mwaliko umeletwa na kiunganishi chake. Trevor akauliza swali moja tu: lebo zinatoka? Zinatoka. Basi nendeni, akasema, foklifti ataendesha yeye mwenyewe.

Wakaenda mbio hadi mtaa wa jirani wa Cabramatta, penye soko. Bisimwa alipita sokoni kama bwana harusi, anashika kila kitu, ananusa, anasalimia. Wakapata majani ya muhogo ya kugandishwa, yaliyokwisha twangwa, kwa mama mmoja wa Kivietinamu ambaye yeye na Bisimwa hawakuelewana hata neno lakini walibishana kwa furaha juu ya pilipili ipi ni kali. Wakachukua kuku waliochomwa tayari, mifuko kwa mifuko, gari zima likanukia.

Saa sita walipofika, mlango wa nne ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Watu walikuwa wametoa zile meza za wagonjwa zenye magurudumu, wakazipanga kwa safu. Wa ofisini na wa ghala, ambao hawakuwahi kula pamoja, walikuwa wamekaa kwenye viti vya magurudumu vipya, nailoni zikiwa bado zimevifunika, wakisukumana na kushindana mpaka ukutani. Bisimwa aliyachemsha majani yake kwenye jiko la chai, akayaleta yakitoa mvuke, na watu wakapiga makofi kabla hajayaweka mezani.

"Hotuba!" Trevor akapaza sauti.

Bisimwa akasimama na mwiko wake. Akatazama mstari mzima wa nyuso. "Samahani nimechelewa," akasema kwa Kiingereza, na ghala zima likaangua vicheko.

Waliomba wajue Ijumaa ijayo atapika nini. Alisema maharage, kisha akabadili, akasema sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, kama vinapatikana Sydney, na watatu wakaahidi kumtafutia bila kujua sambaza ni nini.

Alasiri, Aketch na Cherotich walikuwa wakisugua masufuria kwenye sinki la jiko la chai, huku seva ikinguruma nyuma ya ukuta, pale dereva wa lori la kampuni kutoka Newcastle, mji wa mbali kaskazini ya Sydney, alipochungulia mlangoni. Alikuwa ameisoma barua akiwa safarini, akaendesha bila kusimama. Kuku walikuwa wamekwisha. Bisimwa akamkwangulia majani yaliyobaki kwenye bakuli, akampa kijiko, na yule dereva akala amesimama, akauliza kama anaweza kuramba sufuria.