Waliponiachia Mimi Mchezo wa Shax

Ukitaka mlinzi hodari, usinitafute. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Dadaab, bingwa niliyejitawaza wa shax, mchezo ambao wazee huuchora mchangani, mawe yakipigana na makaa. Kila jioni niliwatangazia kwamba nikitazama kete mara moja tu, najua kama zimefika pale kihalali au kuna mtu ameiba.

Juzi wazee wawili, Adeer Hassan na Adeer Guleid (adeer ni ami kwa Kisomali), walikuwa wanashindania mbuzi. Adhana ya alasiri ikalia.

"Mwalimu, tulindie," akasema Hassan. "Mbuzi wasije wakakanyaga."

Mbuzi walipita pembeni kwa adabu zote. Aliyekanyaga ni mimi, nikirudi kinyumenyume nipate kupiga picha ya mchezo huo wa kihistoria.

Bingwa habahatishi. Nilizoa kete zote, pamoja na zile zilizorundikwa kando, nikazipanga. Ajabu, zilijaa nafasi zote bila kubaki hata moja! Hesabu ni tamu jamani.

Waliporudi, Hassan aliinamia mchezo.

"Mwalimu, mchezo unaweza kukaa hivi?"

"Kabisa," nikajibu kwa sauti ya darasani. "Kihesabu, hauwezi kukaa vingine."

"Hakuna hata mahali pa kusogeza," akasema Guleid. "Na hizi za kando nilishazila, wallahi! Sisi tumeenda kuswali, huku nyuma maiti wamefufuka?"

Hassan akaniambia niinue mguu. Soli yangu nyeupe ilikuwa nyeusi ti kwa makaa.

"Kumbe mbuzi mwenyewe," akasema, "ndiye tuliyemwachia ulinzi."