Mukubwa Apande Treni

Mimi ni mfupi, tusidanganyane. Nilicheza basketi miaka saba katika timu ya wanawake wa reli pale Kindu, na miaka yote saba watazamaji waliniita Kinu. Mbio nilikuwa nazo, jicho nilikuwa nalo, nilijua mpira utaangukia wapi kabla haujagonga ubao. Lakini kila mara wageni wa Lubumbashi walipokuja kutafuta wachezaji, walinipigapiga begani, wakasema nina moyo, kisha wakaondoka na wasichana warefu. Moyo! Neno hilo nimelichukia hadi leo.

Mwaka ninaoukumbuka, kocha wa Lubumbashi hakuweza kuja mwenyewe. Ilikuwa likizo kubwa, kiangazi, mashindano yamekwisha, zimebaki mechi za kirafiki tu. Akaomba mtu wa huku awatazame wasichana wanaochipukia, aandike anachokiona, karatasi zipelekwe kwa treni. Mwenyekiti wetu, ambaye abakosti yake ilifungwa vifungo hadi kooni hata jua likiwa la kuchoma, akanikabidhi daftari.

"Sitwayene, weye unaonaka muzuri," aliniambia, akiniita raia kama tulivyoamriwa kuitana. "Kamata hii kaye. Andika batoto benye banaweza. Na usipendelee!"

Nikawa hakimu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Jumamosi asubuhi tuliufagia kwa salongo, ile kazi ya umma ya lazima, alasiri wasichana wakaimba na kucheza kwanza kwa heshima ya Chama, ndipo mpira ukarushwa. Wa Alunguli walivuka mto kwa mitumbwi, wa Mikelenge walikuja kwa miguu, wa Kailo walisimama safari nzima ndani ya lori. Jezi zilikuwa za kuazima, zikihama kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo namba hazikumaanisha kitu. Majina nayo yalikuwa balaa. Tangu tulipoamriwa kuacha majina ya ubatizo, msichana mmoja aliitwa hivi shuleni, vile nyumbani, na kwa jina la tatu na bibi yake asiyejali amri ya mtu. Nikaona heri niwaandike kwa maumbo yao.

Sikuwa natazama vikapu. Kumfunga msichana wa Kailo aliyetoka kusimama ndani ya lori tangu alfajiri si ajabu. Nilitazama msichana anafanya nini akishanyang'anywa mpira. Kuna anayemlaumu mwenzake, kuna anayejikagua goti, kuna anayesimama kumtazama mwamuzi kama mtoto aliyenyimwa sukari. Na kuna mmoja kati ya ishirini ambaye tayari ameshageuka anakimbia kurudi. Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Nikaandika bila huruma: Mwenye mwanya, anapiga vizuri, anajipenda kuliko mpira. Wa mkono wa kushoto kutoka Alunguli, ana akili, anaogopa kuguswa. Mwenye kovu, mpelekeni kwenye riadha.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Tulikuwa watoto wawili tu nyumbani, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, na yeye akiwa na miaka kumi na sita alinipita kichwa kizima na shingo yake. Papa alisema alinyonya ziwa la kwake na langu. Mimi ndiye niliyemfundisha, nyuma ya nyumba, kwenye pete ya pipa tuliyoipigilia misumari kwenye mchikichi. Viatu vyake vya turubai alivikata mbele ili vidole vipate pa kukaa. Hakuwa na maneno mengi. Akifurahi alivuta pumzi kwa pua, basi, umemaliza.

Katika mechi ya tatu, dhidi ya Alunguli, mpira uligonga chuma ukaruka juu sana. Wasichana wanne waliruka pamoja, akiwemo yeye. Wenzake wakashuka. Yeye alibaki kule juu kidogo, akaudaka kwa mikono miwili, na kabla hajagusa saruji alikuwa ameshamwona mwenzake upande wa pili na kumtupia. Nilisimama kwenye benchi nikasahau kuandika. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, na ndani ya furaha ile kulikuwa na wivu, siwezi kuuficha. Nilimwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni.

Lakini niliandika haki. Niliandika kwa lugha yetu ya nyumbani, maana kocha yule alikuwa mtu wa kwetu kwa baba: "Mudogo yangu. Njo mukubwa kupita bote. Mumukamate huyu." Nikatia sahihi, mlinzi wa treni akazichukua karatasi.

Njo kwetu ni ndiye, na neno mukubwa linafanya kazi mbili. Mukubwa ni mwenye mwili mrefu, mukubwa ni aliyezaliwa kwanza. Kwa kawaida haliwasumbui watu, kwa sababu katika nyumba nyingi aliyezaliwa kwanza ndiye mrefu. Katika nyumba yetu Mungu aligeuza.

Jibu lilikuja kwa foni, ile redio ya kusemea ya stesheni, ambayo siku nyingi ilikuwa inakoroma tu. Mtu wa foni alikuwa jirani yetu. Alikuja mbio hadi uani kwetu, kofia mkononi. Mama alikuwa anaponda lituma la ndizi, mdogo wangu anachochea moto, papa ameketi anajifunga viatu aende kazini.

"Lubumbashi banasema: mukubwa apande treni ya kwanza!" alisema. Akanigeukia mimi na kuniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, banakuita weye!"

Mama aliangusha mwiko akapiga vigelegele. Papa alisimama na kiatu kimoja.

"Mukubwa yangu!" alisema. "Nilisemaka! Nilisemaka mutoto huyu siku moja batamuona!"

Nilijua. Nataka hili lieleweke, sitaki kujitetea kwa kelele za foni. Katika kaye ile jina langu halikuwepo popote ila chini, kwenye sahihi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, neno moja tu, "Hapana, ni huyu." Nilifungua kinywa, nikamwona papa na kiatu chake kimoja, nikafikiria miaka saba ya kupigwapigwa begani, nikakifunga.

Mdogo wangu alikuja kunikumbatia. Ilimbidi ainame.

"Yaya," aliniuliza baadaye, tukifunga mzigo, "mu kaye, miye uliniandika nini?"

"Niliandika vile niliona," nilimjibu.

Alivuta pumzi kwa pua. Siku ya safari alinisindikiza stesheni na mzigo wangu kichwani mwake, na treni ilipoondoka niliendelea kumwona muda mrefu kuliko watu wengine wote, kwa ule urefu wake. Ningetoa chochote nimwone tena vile, amesimama juu ya vichwa vya watu, anapunga kitambaa.

Siku nyingi za reli baadaye, kocha alikuwa ananingoja Lubumbashi. Nilimtambua kwa filimbi shingoni. Nilisimama mbele yake, naye akawa anatazama juu ya kichwa changu.

"Mukubwa iko wapi?" aliuliza.

"Njo miye."

Alicheka. Kisha akaona sicheki, akaelewa. Hakunikaripia, laiti angenikaripia. Aliniambia tu nimpelekee mdogo wangu habari siku ile ile, aje kabla likizo haijaisha. Nami nikafanya kosa langu la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwomba anijaribu kwanza.

Nilicheza mechi mbili za kirafiki, majuma mawili na siku kadhaa. Nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kocha aliketi kwenye benchi na kaye yake, na baada ya mechi ya pili akanifungulia nisome mwenyewe. Aliandika: Anaona vizuri sana. Mfupi. Hakuandika moyo, na kwa hilo namshukuru.

"Kaa hapa," aliniambia. "Utanishikia kaye. Lakini sasa muite ule mutoto."

Jioni ile nilimwandikia mdogo wangu ukweli wote. Kwamba yule mukubwa waliyemwita alikuwa yeye, tangu mwanzo, na kwamba mimi nilijua palepale uani. Kwamba apande treni, nitamngoja stesheni. Kisha nikaanza kuzipokea treni, moja baada ya nyingine, natazama milangoni nikitafuta kichwa kilichopita vichwa vingine.

Kaye nimeishika maisha yangu yote. Makocha wamebadilika, treni za Kindu zimekuwa chache hadi watu wanazisimulia, nami bado kila likizo naketi kwenye benchi nawatazama wasichana warefu. Wengine wamefika mbali kwa sababu ya jicho langu. Kila mpira unaporuka juu sana nasimama bila kutaka, nangoja nione nani atabaki kule juu kidogo. Wote wanashuka. Wenzangu wanadhani ni ukali wa kazi, kumbe ninamtamani mtoto mmoja tu mwenye viatu vilivyokatwa mbele.

Barua aliyonijibu ninayo, nimeikunja ndani ya kaye. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, umeinama kama yeye akipita mlangoni. Mlinzi wa treni aliniletea mkononi, stesheni pale pale nilipokuwa nangoja, nikaisoma nimesimama:

"Yaya, barua yako nilipata. Mama alianguka, ni juma moja sasa. Mukono na muguu ya kuume haitumike tena. Papa iko mu treni siku zote, hakuna mwenye kumuinua mama. Kama ungeniita mbele ya mama kuanguka, ningekuja. Usilie. Unasema mukubwa njo miye. Ni kweli, yaya. Huku nyumbani, sasa, mukubwa njo miye."