Shikamoo ya afisa

Jumatatu saa nne asubuhi, banda la akina mama wa Makote wanaobangua korosho lilikuwa bado limefungwa. Nilikuwa kwenye foleni mjini Newala, katika ofisi iliyolifunga.

"Mwanangu, mmefunga bila kutusikiliza," alisema Mama Zainabu, mwenyekiti wao, mwenye umri wa kumzaa afisa. "Bati linavuja, korosho zitaoza humo ndani."

Afisa hakuinua macho kwenye simu. "Sheria ndiyo hiyo, mama. Kakae nje."

Akasogea mwanamke aliyekuja na Mama Zainabu, mdogo kwa umri kuliko afisa. "Mmefunga bila kuwasikiliza," alisema.

"Na wewe nani?"

"Wakili wa kesi za mamlaka za udhibiti. Zamani nilikuwa mwanasheria wizarani. Kanuni mliyoitumia nilishiriki kuiandika, na inataka mtu asikilizwe kwanza."

Afisa akaweka simu chini, akasimama. "Shikamoo, wakili. Ungesema mapema."

"Shikamoo hiyo mpe Mama Zainabu. Nimerudia maneno yake tu."

Mtu nyuma yangu alicheka. Mimi sikuweza. Aliyedhulumiwa alizungumza kwanza, akaambiwa akakae nje. Mwenye wasifu akarudia, akaamkiwa. Kwa hiyo mkulima wa Lukuledi asiye na wakili atafute kwanza kazi wizarani, ndipo asikilizwe kuhusu mali yake.

Saa saba mchana niliwafuata hadi Makote, ambako afisa alifungua kufuli. Mama Zainabu alinyoosha mkono kupokea ufunguo wa banda. Afisa alimkabidhi wakili.