Mshale Uliokwama Themanini

Jamani, nimetengeneza pikipiki ya mzee na sasa nyumbani mimi ndiye adui.

Nawaandikia kwa kompyuta ya ofisi hapa Garissa. Laini ya simu ikikatika, msinilaumu.

Mnaijua ile pikipiki ya Aabo, baba yangu. Mshale wake wa spidi ulikwama kwenye themanini tangu nikiwa darasa la tatu, na kiwanda kiliacha zamani kutengeneza mita za aina hiyo.

Nimeitafuta miezi mitatu! Mwishowe fundi mmoja wa kambi ya Ifo akanitolea moja, ameizungushia kitambaa kama mtoto mchanga.

Leo asubuhi nikaipachika. Hooyo, mama yangu, akapanda nyuma ya Aabo, wakaenda sokoni.

Wakarudi, Hooyo akashuka akanijia moja kwa moja.

"Hii kitu yako imeharibika," Hooyo akaniambia. "Inasema thelathini."

Nilitaka kumweleza kwamba ndiyo kwanza inasema kweli. Nikamtazama Aabo. Mzee mzima anakagua tairi lisilo na neno.

Ndipo nikakumbuka. Wazazi wangu mbele za watu hawashikani hata mkono. Ila kwa pikipiki, miaka yote hiyo, Aabo humwambia, "Shika sana, Mama Abdi, si unaona iko themanini?"

Naye humkumbatia kiuno mpaka sokoni, huku mikokoteni ya punda ikiwapita.

"Rudisha ile ya zamani," Hooyo akasema, mtandio mdomoni. "Ile haikuwa na makosa."

Nimeirudisha kabla ya kuja kazini. Nimewaacha wakitoka tena, eti chumvi imeisha. Chumvi tunayo debe zima.

Mita ninayo hapa mezani. Kuna mwenye wazazi anaotaka kuwagombanisha?