Selpha na Githeri ya Majirani

Selpha Wamalwa, mpangaji mwenzetu katika ploti hapa Kitengela, alikuwa akisomea shahada ya uzamifu ya fizikia. Alikokotoa namna fotoni, yaani chembe za mwanga, zinavyotawanyika zikigonga kiini cha haidrojeni nzito, chenye protoni moja na nyutroni moja. Mzee Muturi, mwenye ploti na mzee wa kanisa, aliiita kazi ya watu wasio na shamba.

Hesabu iligoma. Nishati ya mwanga ikiwa ndogo kabisa, jibu linajulikana tangu zamani. La Selpha lilikataa kulingana nalo. Ijumaa angesimama mbele ya watahini. Omolo, mwenzake wa chuo, akaja na ushauri wa shetani aliyevaa tai.

"Selpha, zidisha tu na namba fulani ilingane. Wale wazee hawasomi kila ukurasa."

"Na Mungu je?"

"Mungu si mtahini wa nje."

Nawajua watu wa aina hiyo. Hujenga ghorofa bila vyuma vya kutosha, kisha Jumapili huongoza kwaya. Selpha alimfungulia mlango, akamsindikiza hadi uani asije akageuka.

Pale uani, majirani wawili, Wamaitha na Eunice, walikuwa wakipitishiana sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, juu ya ukuta. Kwetu sufuria ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo ya hao wawili haijawahi kutulia. Paka akapita. Mzee Muturi akamrushia kiatu, kikamkosa, kikagonga sufuria hewani.

"Mzee wa kanisa, umemwaga githeri yangu!" Wamaitha akafoka.

"Nililenga paka!"

"Paka ako juu ya mabati, anakucheka!"

Selpha peke yake hakucheka. Alikuwa amehesabu mwanga ukigonga protoni, halafu nyutroni, kama wapangaji waliojifungia ndani. Lakini hizo mbili hurushiana chembe nyingine bila kukoma, na mwanga huzigonga hizo pia zikiwa njiani, kama kiatu kilivyogonga sufuria. Alikuwa ameziacha nje, akidhani mchango wake ni mdogo mno.

Alipoziingiza, jibu lilikaa mahali pake bila kusukumwa. Ijumaa aliwaeleza watahini kosa lake kabla hawajauliza, wakampitisha. Omolo, kwa tasnifu yake mwenyewe, aliulizwa namba moja ilitoka wapi. Bado anaitafuta.

Mzee Muturi, aliposikia kiatu chake kilisaidia, alidai jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa shukrani. Selpha aliandika la Wamaitha, maana ndiye aliyekosa chakula.