Soko la Majani ya Avokado

Sisi tuliokulia Musienene, mashariki ya Kongo, kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, soko letu la kwanza lilikuwa kwenye kijia cha nyuma ya nyumba, na majani ya avokado ndiyo yalikuwa pesa. Jani bichi na pana lilinunua sabuni ya udongo, au ua la boga tuliloliita samaki wa Vitshumbi, kule ziwani. Jioni jani lilinyauka, na jani lililonyauka hakuna aliyelipokea, kwa hiyo kila mtu alikimbilia kununua jua likiwa bado juu. Siku moja Kasereka, mtoto wa jirani, alikwea mti akashuka na majani tele, na kufika mchana sabuni moja ikauzwa kwa konzi nzima ya majani. Miaka mingi baadaye, chuoni Kampala, mwalimu alihangaika ubaoni kueleza kwa nini bei hupanda pesa zikizidi. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilicheka peke yangu, na katika mtihani ule hakuna aliyenifikia.

Malkia wa soko alikuwa Masika, dada yangu mkubwa. Alifinyanga mbabula ndogo za udongo, yaani majiko ya makaa, zenye matundu na masikio, akazianika juani mpaka zikalia kama sahani ukizigonga.

“Yaya, unipunguzie kidogo!” tulimwomba; yaya kwetu ni dada mkubwa.

“Nikupunguzie nini? Udongo uko pale kwa kisima, bure. Wende ufinyange yako!”

Tulijaribu. Zetu zilipasuka. Tukarudi kwake na majani. Mama, akitoka shambani na kikapu cha maharage, alisimama akamtazama na kusema, “Huyu atafika Kasindi.” Kwetu, kufika Kasindi maana yake kuwa mfanyabiashara wa kweli, wa kupakia malori mpakani. Masika aliyashika maneno hayo kama ahadi.

Kisha vita vikaja, na vizuizi vya wenye bunduki, bariere kama tulivyoviita, vikaota kwenye barabara ya Butembo, vikimtoza kila apitaye. Kasereka akaacha kuuza. Alilaza gogo la mkaratusi kijiani, akakunja uso.

“Bariere! Toa ya maji!”

“Lakini wewe Kasereka, unauzisha nini?”

“Njia.”

Tulicheka hadi machozi. Lakini jioni yeye ndiye aliyekuwa na majani mengi kuliko wote, na mikono yake haikuwa na hata tone la tope. Kesho yake kila mvulana alikuja na gogo lake. Masika alifinyanga peke yake, nasi tukamtoza mpaka hakubaki na kitu. Akanawa mikono.

“Muzuiane benyewe,” akasema, akaingia ndani. Magogo yakabaki, soko likaisha.

Msimu ule Mama alimpa Masika mavuno ya maharage ya shamba la upande wa juu, yote, yawe mtaji wake. Aliondoka alfajiri, gunia mgongoni, kamba ya kubebea ikimkaza paji la uso, amevaa kitenge cha kanisani kwa sababu alikuwa anakwenda kuanza biashara. Alirudi mchana na kamba tu.

“Na maharagi?” Mama akauliza.

“Ilibaki kwa njia, mama.”

“Kwa nani?”

“Kwa bote.”

Kila kizuizi kilichota chake, na cha mwisho kikachukua gunia lenyewe. Tangu hapo Mama alipanda maharage ya kutosha chungu cha nyumbani tu, na shamba la juu likaota magugu. Masika hakuuza tena kitu.

Mimi niliondoka. Sikubebwa na mtu: nilipakua magunia mchana, nikasoma jioni, leo diploma yangu ya uchumi inaning’inia sebuleni, katika nyumba ya mabati niliyoijenga mwenyewe Butembo, na wanaopita huigeuzia shingo. Niliporudi nilimpelekea Masika mbegu bora za maharage na ahadi ya gari la kusafirisha mavuno. Nilitaka afike Kasindi, hata kwa kuchelewa. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilipomtembelea tena, alikuwa amezipika. Tulikula pamoja. Zilikuwa tamu, na sikuweza kumaliza sahani.

Vijana wa leo hucheka shati langu lililopigwa pasi. Hawajui kufinyanga hata kijiko, vidole vyao vinajua kioo cha simu tu. Lakini siku ile, nikitoka kwa Masika, nilikuta kamba imevutwa kukatiza kijia kilekile, na wajukuu zake wameshika ncha.

“Mukubwa, toa ya soda!”

Nilichungulia nyuma yao, huku na huku, nikimtafuta anayeuza. Hapakuwa na sabuni ya udongo, wala ua la boga. Nikatoa, wakateremsha kamba, nikapita. Sisi angalau tulianza na soko, bariere ikaja baadaye. Hawa wameanza na bariere.